Mkata Mabamba wa Karatu

Siku ya kwanza nilipokwenda kumwomba apunguze kelele, alinipa nyundo.

Nilikuwa na wiki moja tu Karatu, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, nimepanga chumba katika nyumba iliyopakana na yake. Ilikuwa Jumamosi. Mezani nilikuwa na rundo la madaftari ya hesabu, na nyuma ya ukuta mtu alikuwa anagonga chuma tangu saa mbili asubuhi. Nikatoka na shati langu jeupe na hasira zangu, nikazunguka nyumba. Nilitegemea kumkuta mwanamume. Nikamkuta mama wa makamo, suruali ya kaki ya kiume chini, kanga juu, kitambaa kichwani, amekaa kwenye gogo. Mbele yake palikuwa na kipande cha reli ya treni kilichozikwa nusu ardhini. Hilo ndilo lilikuwa fuawe lake la kugongea chuma.

Nikamwamkia. Nikaeleza shida yangu kwa Kiswahili cha chuo cha ualimu, chenye "tafadhali" nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akanikabidhi nyundo, akalaza bamba la chuma juu ya reli, akasema, "Haya, Mwalimu. Nioneshe namna ya kulipiga lisilie."

Nikalipiga polepole. Likalia. Nikalipiga polepole zaidi. Likalia vilevile, ila halikupinda hata kidogo.

"Umeona," akasema. "Kelele umepata, kazi hujapata. Mimi napata vyote viwili."

Akachukua nyundo yake. Nikarudi kwenye madaftari, na kwa miaka tisa iliyofuata nilisahihisha hesabu za watoto wa Karatu kwa mlio ule. Siku ulipokatika ndipo nilipojua kwamba siwezi kufanya kazi bila huo mlio.

Sote tulimwita Mama Fundi. Jina lake kamili nililijua, kwa sababu niliwahi kuliandika kwa mkono wangu kwenye karatasi moja ambayo nitaieleza, na kwa sababu hiyohiyo sitaliandika tena hapa. Ilisemwa alitoka upande wa Singida, akaja na watu wa kuchuma kahawa katika mashamba ya Oldeani. Kwenye kahawa hakukaa. Walimpeleka kufagia gereji ya shamba, na aliyeingia kufagia akatoka anajua kukata chuma. Zaidi ya hapo hakusema. Ukimwuliza habari za kwao, angekuuliza wewe kama umeleta kitu cha kutengenezwa au umeleta mdomo tu.

Mafundi wa bati laini Karatu walikuwepo. Walikaa sokoni, wakatengeneza vibatari, makarai na mifereji ya paa. Mama Fundi alikata kile wenzake walichokikataa: milango ya malori yaliyofia njiani kwenda kreta ya Ngorongoro, sahani za plau, misumeno mipana ya kupasulia mbao. Vitu hivyo vilitengenezwa visikatike, na hilo ndilo lililomvutia.

Kwanza alijaribu ukingo kwa tupa. Tupa ikila, anaguna, kazi ya kawaida. Tupa ikiteleza kama inapita juu ya kioo, anatabasamu. Hapo ndipo angewasha mkaa, akavuta mvukuto kwa mguu na kulipasha bamba mpaka liive jekundu, halafu analizika kwenye pipa la majivu lipoe taratibu, siku nzima, pengine mbili. Likitoka humo limelegea. Analichora mstari kwa msumari, analibana kwenye jiliwa, kisha anaanza kulikata kwa tindo, kidogokidogo, tindo imelala mshazari, kila pigo likianzia pale lililotangulia lilipoishia. Hakuwa na haraka wala hakupumzika. Mwisho, likishapata umbo, analipasha tena na kulitosa kwenye oili chafu ya lori ili ugumu wake urudi. Moshi wa oili ile uliingia katika mashati yangu yote. Hata kanisani watu walijua ninaishi jirani na nani.

Kwa sababu ya yale majivu hakumwahidi mtu siku. Mafundi wengine walisema kesho, na kesho ikawa wiki tatu. Yeye alisema, "Sijui. Chuma hakijaniambia." Watu waliudhika, lakini walirudi.

Kulikuwa na wanaume waliofika pale kwa mara ya kwanza, wakamtazama aliyekaa kwenye gogo na nyundo mkononi, halafu wakauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ametoka," angejibu, akiendelea kugonga.

"Atarudi lini?"

"Kesho."

Kesho yake mtu anarudi na plau lake begani, anaambiwa fundi ametoka. Kuna mkulima mmoja alikuja mara nne kutoka Kansay. Mara ya nne alisimama akitazama tindo inavyokwenda, kisha akavua kofia. "Shikamoo, Mama Fundi," akasema. Alipewa gogo la kukalia na chai, na sahani ya plau lake ilinyooshwa siku hiyohiyo.

Lakini usidhani alikuwa mtu asiyeogopa kitu. Aliogopa sindano ya kudungwa dawa. Siku moja bamba lilimponyoka likamchana kiganja mpaka nyama ikaonekana, naye akamwagia majivu, akafunga kitambaa na kutaka kuendelea. Nilimvuta mpaka zahanati. Muuguzi alipotoa sindano ya ganzi, Mama Fundi alisimama akaanza kuondoka.

"Nishone bila hiyo," alisema mlangoni.

"Mama, utaumia sana."

"Kuumia nimezoea. Hiyo ncha yako sijaizoea."

Akashonwa bila ganzi, macho yake kwenye dari, midomo ikihesabu nyuzi. Kesho yake alinikataza kumsimulia mtu yeyote. Na huyohuyo ndiye aliyefunga Ramadhani nzima mbele ya moto wa mkaa, koo limemkauka, bila kuondoka kwenye mvukuto. Majirani Wakristo tulimsihi asogeze kazi hadi jioni. Alituuliza kama Mungu wetu ana saa za kufungua na kufunga.

Mteja aliyemheshimu kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Kimaasai kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Alikuja kwa miguu na lubega lake, akataka kengele tatu za ng'ombe zitengenezwe kwa chuma kigumu, maana za bati laini zilikuwa zinapasuka. Mama Fundi alikata, akapinda, akafunga kwa ribiti. Mzee akaitikisa ya kwanza karibu na sikio, amefumba macho.

"Hapana, yeyo," akasema, yaani mama. "Hii inalia kama sufuria."

Mtu mwingine angefukuzwa. Mama Fundi aliichukua, akaitikisa mwenyewe, akafumba macho naye. "Kweli," akasema. "Ni sufuria." Akaikata upya, ikawa nyembamba zaidi mdomoni. Ya pili mzee akaikataa pia, akisema ng'ombe wake angedhani ni ng'ombe wa mtu mwingine. Siku tatu walikuwa katika hilo, watu wawili wasioelewana vizuri kwa lugha, wakitikisa vyuma na kufumba macho. Siku ya nne mzee alitikisa kengele, akafungua macho. "Sidai," akasema, yaani nzuri. Mama Fundi aliimba siku nzima. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akiimba.

Sasa nieleze habari ya chekeche.

Miaka ya mwanzo ya themanini hapakuwa na vipuri. Sabuni haikuwepo, tairi halikuwepo, na mashine ya kusaga ya kijiji cha Kansay ilisimama kwa sababu chekeche lake lilipasuka. Chekeche ni bamba la chuma lenye matundu madogo, limepindwa nusu duara, linakaa ndani ya mashine na kupitisha unga. Bila hilo mashine inatema mahindi yaliyovunjikavunjika tu. Katibu wa kata aliwaambia wanakijiji kwamba kipuri kimeagizwa Arusha, wasubiri. Walisubiri mvua zikaja zikaisha. Wanawake walibeba mahindi kichwani kutoka Kansay hadi Karatu kusaga, na wakirudi jua limeshazama.

Mmoja wao, Mama Paulina, mwanamke wa Kiiraqw mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa mjumbe wa kamati ya mashine. Alifika uani siku moja akiwa na vipande vya chekeche lililopasuka ndani ya kanga. Akavitandaza chini.

"Unaweza?" akauliza.

Mama Fundi alivipapasa. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande kipana cha msumeno wa kiwanda cha mbao. Akakipitisha tupa. Ikateleza. Akatabasamu.

Kazi ile ilichukua karibu mwezi. Alililegeza bamba kwenye majivu, akalikata kwa kipimo cha lile la zamani, akalilaza juu ya gogo la mti mgumu na kuanza kulitoboa kwa ncha aliyoitengeneza kwa shina la valvu ya injini. Tundu moja, pigo moja. Matundu yalipita elfu. Kila nikirudi shuleni nilimkuta ameinama, akisogeza ile ncha upana wa punje, anapiga, anasogeza. Alipomaliza aligeuza bamba na kusugua kila tundu kwa tupa upande wa pili ili pasibaki hata ukucha wa chuma wa kuangukia kwenye unga. Kisha akalipinda, akalirudishia ugumu.

Siku ya kulifunga tulikwenda Kansay wote. Katibu wa kata alikuwa ametangulia. Amesimama mbele ya mlango wa mashine, kalamu mbili mfukoni.

"Hii haifungwi," alisema. "Hiki kitu kimetengenezwa uani. Watu watakula vyuma. Nani kakupa kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kutengeneza kipuri cha mashine ya umma."

"Ndugu Katibu," Mama Fundi akasema, "wewe una kibali cha kukaa miezi saba bila kukileta?"

Watu walicheka. Nilimwona katibu akihesabu nani anacheka. Mama Fundi hakucheka. Alimwambia Mama Paulina alifunge chekeche, na Mama Paulina akampita katibu kana kwamba ni nguzo. Mashine ikawashwa. Unga ulipoanza kutoka, Mama Fundi alikinga debe zima, akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaiingiza kwenye unga na kuizungusha chini, kati na juu. Akaitoa, akaipuliza, akamwonesha katibu. Ilikuwa tupu. Akairudia mara ya pili. Tupu.

"Sasa songeni ugali," akasema. "Wa kwanza nitakula mimi. Wa pili ale Ndugu Katibu."

Ulisongwa palepale, kwenye mafiga matatu. Alikula akiwa amesimama. Katibu alisema ana kikao, akaondoka.

Nilijua siku ile kwamba haitaishia hapo. Wote tulijua, isipokuwa pengine yeye. Au alijua na hakujali.

Haukupita mwaka, serikali ikaanza kuwasaka walioficha bidhaa, na huku kwetu vilevile wakisakwa majangili waliokuwa wanaua faru na tembo wa hifadhi. Nyumba zilipekuliwa. Watu walitupa hata sabuni zao halali mtoni kwa hofu. Asubuhi moja ya Jumatatu katibu wa kata alifika kwa Mama Fundi na mgambo watano. Niliitwa kutoka shuleni niwe shahidi, kwa sababu nilikuwa jirani na nilijua kuandika.

Walitoa kila kitu uani. Tindo, tupa, mkasi wa bati, jiliwa, mvukuto, vipande vya bomba, mabamba. Mama Fundi alisimama kando, mikono nyuma, akitazama vinavyorundikwa. Mimi nilikaa kwenye gogo lake na karatasi magotini, naandika orodha, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Nilianza na jina lake. Nikaandika tindo, nane. Tupa, tano. Tulipofika mwisho, mgambo mmoja aliinua kipande cha bomba akasema, kama anayewaza tu, "Hivi vyote si vya kutengenezea magobore hivi?"

Katibu alinitazama. Hakusema neno. Hakunitisha, hakunyoosha kidole. Alinitazama tu, kalamu zake mbili mfukoni.

Nikaandika juu ya karatasi: Vifaa vya kutengenezea silaha. Nikatia sahihi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nilikuwa nategemea kupandishwa kuwa mwalimu mkuu, sikutaka usumbufu. Hakuna zaidi ya hapo. Laiti katibu angeniuliza kama nina hakika, ningefuta. Hakuuliza.

Vifaa vilipakiwa kwenye trela la trekta vikapelekwa kituo cha polisi. Yeye hawakumchukua. Walimwachia nakala.

Jioni ileile, jua bado lipo, alinibishia mlango. Hakuwa anajua kusoma. Miaka yote mimi ndiye niliyemsomea barua. Alikaa kwenye kiti changu, akanipa ile karatasi.

"Mwalimu, nisomee."

Niliruka mstari wa juu kabisa, nikasoma jina lake. Nikaendelea na tindo. Alikuwa anafuata kidole changu kwenye karatasi. Akaniinulia mkono.

"Hapo juu pana maneno. Umeyaruka."

Nikayasoma. Nyuma ya ukuta hapakuwa na mlio.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu," nikasema. Halafu nikaongeza, haraka, "Walinilazimisha, Mama Fundi."

Alinitazama usoni. Kisha akaikunja karatasi mara nne. "Haya," akasema. "Pole, baba."

Aliniambia mimi pole.

Kesho yake asubuhi alikwenda kituoni na mkeka. Akautandika mbele ya ngazi, akakaa. Mkuu wa kituo alitoka akamwuliza shida yake.

"Karatasi yenu inasema nina silaha," akajibu, akiitoa. "Mwenye silaha hufungwa. Nifungeni. Kama sina silaha, nirudishieni vyombo vyangu nikafanye kazi."

"Nenda nyumbani, mama. Uchunguzi unaendelea."

"Uendelee. Mimi nipo hapa."

Alikaa siku hiyo mpaka kituo kilipobadilisha zamu jioni, akaenda kulala, akarudi asubuhi. Siku ya pili, ya tatu. Mvua ilinyesha akajifunika mkeka. Walimtishia kumweka ndani, akasimama akanyoosha mikono yake miwili mbele, tayari kwa pingu. Hakuna aliyemfunga, kwa sababu kumfunga kungetaka kesi, na kesi ingetaka kuonesha gobore hata moja. Siku ya nne Mama Paulina alifika na wanawake sita wa Kansay, kila mmoja na mfuko wake wa mahindi, wakaketi karibu naye. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanapukuchua mahindi kwenye ngazi za polisi.

Watu walikuwa wanaulizana sokoni, na hata pale kituoni, mwalimu naye alipataje kuandika vile? Na nilisikia kwa masikio yangu, nikipita, Mama Fundi akiwajibu akiwa juu ya mkeka, "Mwacheni Mwalimu. Alilazimishwa."

Hilo ndilo lililonishinda. Lawama ningezivumilia. Siku ya tano sikwenda shuleni. Nilipanda ngazi zile, nikiwaruka wanawake na mahindi yao, nikamwomba mkuu wa kituo karatasi. Niliandika kwamba nimeishi ukuta mmoja na mama huyu miaka tisa, kwamba sijawahi kuona wala kusikia silaha ikitengenezwa, na kwamba maneno ya juu ya ile orodha niliyaandika mimi bila ushahidi wowote. Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili. "Unajua unachofanya?" akauliza. Nikasema najua.

Nilitokea mlango wa nyuma. Nilijiambia ni kwa sababu ulikuwa karibu.

Vyombo vilirudishwa wiki iliyofuata, pungufu ya mkasi na tupa mbili. Hakuomba msaada wa trekta. Wanawake wa Kansay walivibeba kichwani, mmoja tindo, mmoja mvukuto, wanne wakishirikiana jiliwa, wakapita navyo katikati ya soko na mbele ya ofisi ya kata, taratibu. Alipofika uani hakukaa hata kunywa maji. Alichukua bamba lililokuwa karibu, akalilaza kwenye reli, akaanza kulipiga. Hakuwa anatengeneza kitu. Alipiga tu, kwa nguvu zake zote, mpaka adhana ya mchana, na Karatu nzima ikasikia.

Mimi nilisikiliza nikiwa nafunga mizigo. Barua yangu ya uhamisho ilikuwa imefika siku moja kabla, haina maelezo. Nilipelekwa shule ya mbali upande wa Loliondo, karibu na Ololosokwan, ambako barua ilichukua mwezi kufika. Niliondoka na lori la alfajiri. Nilimwachia salamu kwa mwenye nyumba.

Kule nilikaa miaka mitano. Nilijifunza Kimaasai cha kuombea maji, nikaoa, nikafundisha chini ya paa lililovuja. Ualimu mkuu nilikuja kuupata hukohuko, na sikuwa tena na hamu nao. Kila niliposikia chuma kinagongwa mahali, nilisimama.

Mwisho wa miaka ya themanini nilipata ruhusa ya kwenda Mbulu kumzika mjomba. Lori lilitushusha Karatu saa nne asubuhi, siku ya mnada, mji umefurika. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Uani palikuwa na watu saba au wanane wakisubiri, na Mama Paulina miongoni mwao, mvi zimemjaa. Mama Fundi alikuwa kwenye gogo. Amekonda, mabega yamebaki palepale. Alikuwa analinyoosha bamba la mlango wa lori.

"Shikamoo, Mama Fundi," nikasema.

Hakugeuka.

"Hasikii," Mama Paulina akaniambia. "Masikio yamekwisha. Mpaka upige kelele."

Nikazunguka mbele yake. Alinitambua mara moja. Uso wake ukafunguka, akaangusha nyundo, akanishika mikono yote miwili kwa viganja vile vigumu kama soli. "Mwalimu!" akapaza sauti, kama wafanyavyo wasiosikia. "Mwalimu wangu! Hawa watu nimewaambia habari zako. Ndiye yule waliyemlazimisha!"

Watu wakanitazama kwa huruma. Mmoja alitikisa kichwa, akasema wakati ule ulikuwa mbaya.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na lori la kuwahi, na yeye alikuwa na furaha. Nilisema kwa sauti ya kawaida, "Hawakunilazimisha."

"Eeh?" Akasogeza sikio. "Sema kwa nguvu!"

"Hawakunilazimisha!"

"Sikusikii, baba. Toa sauti!"

Ndipo nikapiga kelele. Nilipiga kelele kama mchuuzi wa mnadani, mpaka waliokuwa barabarani wakasimama. "Hakuna aliyenilazimisha! Hawakuniambia niandike! Katibu alinitazama tu! Niliandika mwenyewe, kwa woga wangu, nikakudanganya! Nisamehe, Mama Fundi!"

Yule aliyenihurumia akatazama viatu vyake. Mama Fundi aliniangalia mdomo, kisha macho. Alikuwa amesikia, nililiona hilo usoni. Kitu fulani kilipita pale, kikali, nikadhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Viganja vyake vilikuwa bado vimeshika mikono yangu, na viliibana mpaka nikauma meno.

"Umemaliza?" akauliza, mara hii kwa sauti ya chini.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaniachia. Akainama, akaokota nyundo, akalivuta lile bamba la mlango juu ya reli. Lilikuwa refu mno kwa mtu mmoja, ncha yake ilikuwa inaning'inia na kuyumba. Akanionesha ncha ile kwa kidevu.

"Shika huko," akasema. "Kwa mikono yote miwili. Na usiachie."

Nikavua koti la msiba, nikapiga magoti, nikashika. Akapiga. Pigo lilipita kwenye chuma, likanipanda viwikoni na mabegani mpaka kwenye meno. Akapiga tena. Lori langu la Mbulu lilipiga honi huko barabarani, likaondoka.

Sikuachia.